Kikombe cha Malkia na Deni la Marehemu

Mwezi huu nimepokea barua mbili, moja ya Masasi na moja ya Mikindani, na zote zinamgusa mtu mmoja aliyezikwa mbali na sisi. Ya Masasi nimeisoma mara nne. Nimepunguza sehemu chache tu, zile zinazotaja majina ya watu wa nyumba ile. Nitaijibu kwa urefu. Wa Mikindani anivumilie, nafasi yake ipo chini.

*

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni kijana wa miaka 28, fundi pikipiki hapa Masasi. Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka huu baada ya Pasaka. Arobaini yake tumeimaliza wiki mbili zilizopita. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne.

Tulipofungua sanduku lake la bati mbele ya ukoo tulikuta khanga zake, kitabu cha sala, cheti cha ubatizo na kikombe. Kikombe kile nakijua tangu utotoni, alikuwa anawekea chumvi ya mawe. Ni cha kauri, cheupe, kina picha ya Malkia wa Uingereza na mwaka 1953. Mpini umekatika. Alipewa shuleni, misheni, siku Malkia alipovikwa taji, yeye akiwa darasa la tatu.

Malkia alipofariki mwaka 2022 bibi alilia, na alilia kwa sauti mpaka majirani wakaja kuuliza nani kafa. Jumatatu ya mazishi aliniambia nimpeleke kwenye banda la kuonyeshea mpira. Akakaa benchi la mbele tangu saa saba mchana mpaka jioni. Vijana walikuwa wanacheka. Walipoimba Zaburi ya 23 kwa Kiingereza, yeye akaisema kwa Kiswahili peke yake, "Bwana ndiye mchungaji wangu," mpaka mwisho, na vijana wakanyamaza. Njiani aliniambia, "Yule alikuwa apwiyamwene wao, mama wa ukoo kwa Kimakua, na mimi niliambiwa nimwombee."

Mjomba, ambaye ndiye mtoto wake mkubwa, hakupenda tangu siku ile. Baba yake bibi alifanya kazi ya kung'oa visiki Nachingwea kwenye mradi wa karanga wa Waingereza. Alirudi na mguu mbovu na hakulipwa chochote kwa mguu huo. Mjomba anasema mama yake aliwalilia watu waliomtia baba yake kilema, na kikombe kivunjwe ili aibu iishe. Mama yangu anataka kiwekwe kaburini kama walivyofanya wazee. Mimi nakitaka, ila nikijiuliza nakitakia nini sina jibu.

Naomba unijibu mambo mawili. Bibi alikosea? Mtu anamliliaje mtawala ambaye hakumchagua na hakuwahi kumwona? Na kikombe tukifanye nini?

Mjukuu, Masasi

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Aliyelelewa na bibi akifiwa na bibi amefiwa na mama, kwa hiyo usishangae kama arobaini imepita na wewe bado unasikia sauti yake ukiwasha jiko.

Nianze na kazi yangu, maana jibu langu linatoka huko. Wengi mnanijua kama mwalimu wa Kiswahili na historia niliyestaafu hapa Lindi. Wachache mnajua kwamba tangu mama yangu alipoishiwa nguvu za mikono, mimi ndiye ninayeosha maiti za wanawake mtaani kwetu. Ninaitwa usiku, ninaitwa alfajiri. Nimeosha mabinti wa unyago na nimeosha wazee wasiojua walizaliwa mwaka gani. Kwa hiyo picha ya mtu mzee huwa siiangalii kama wengine wanavyoiangalia.

Jumanne, tarehe 6 Septemba 2022, siku mbili kabla hajafa, Malkia Elizabeth alisimama kwenye sebule yake ya Balmoral, Scotland, kumpokea Liz Truss, waziri mkuu wake wa 15. Wa kwanza alikuwa Winston Churchill. Picha ile ilifika mpaka kwenye simu za huku. Watu waliangalia fimbo yake na sketi yake. Mimi niliangalia mkono, maana nyuma ya kiganja palikuwa na weusi wa damu iliyovilia. Weusi ule naujua. Ngozi ya bibi wa miaka tisini na zaidi inakuwa nyembamba kama utando wa ndani wa kitunguu, ukimbana kidogo tu damu inavilia. Mama yangu alinifundisha kwamba mzee wa namna ile unamgeuza kwa kiganja kizima, vidole usivitumie, hata kama roho imeshatoka. Nilipouona mkono ule nikawaambia wanangu kwamba huyu mama yuko safarini. Alhamisi tukasikia.

Nakueleza habari ya mkono kwa sababu ndani yake kuna nusu ya jibu lako. Tarehe 21 Aprili 1947, siku aliyotimiza miaka 21, binti yule alikuwa Cape Town na wazazi wake. Akasema redioni kwamba maisha yake yote, yakiwa marefu au mafupi, atayatoa kuwatumikia watu wake. Kijana wa miaka 21 anaweza kuahidi lolote, wewe mwenyewe unajua uliahidi nini ukiwa na umri huo. Huyu alikuwa bado anaitimiza akiwa na miaka 96, amesimama kwa fimbo, mkono umevilia damu, anampokea mtu wa kazi. Siku mbili baadaye akafa. Mtu wa dini anaelewa hilo hata kama hapendi ufalme. Nadhiri mbele ya Mungu haina likizo na haina kustaafu. Bibi yako aliyesali na kitabu kile kile mpaka mwisho wa uhai wake hakuhitaji kuelezwa.

Nusu ya pili ameisema mwenyewe njiani kutoka banda la mpira, nawe umeiandika bila kuikazia macho: "Niliambiwa nimwombee." Mwanangu, hilo neno ni la kweli kihistoria. Krismasi ya mwaka 1952, miezi michache kabla ya kuvikwa taji, Malkia alizungumza redioni akawaomba watu wote, wa dini yoyote waliyo nayo, wamwombee siku hiyo ili Mungu ampe hekima na nguvu. Na kabla ya Uhuru jina la mfalme au malkia lilikuwa linatajwa kwenye sala za Waanglikana. Sasa mwone mtoto wa kike wa darasa la tatu, Masasi, mwaka 1953. Anaambiwa kuna mwanamke mmoja, umri wa mama yake mdogo, kafiwa na baba, kabebeshwa mzigo, mwombee. Anafumba macho anamwombea. Wiki ijayo tena. Hakuna aliyemwambia yule mtoto kwamba sala ile ni siasa. Kwake ilikuwa sala.

Umeuliza anamliliaje mtu asiyemwona. Ukimwombea mtu miaka na miaka unakuwa na haki naye, hata kama yeye hajui kwamba upo. Mimi nina binti wa jirani aliyekwenda Muscat kufanya kazi za ndani, sijawahi kusema naye tangu aondoke, lakini kila alfajiri namtaja. Siku nikiambiwa kafa, usinizuie kulia. Kamba iliyomfunga bibi yako na Malkia ilishikwa upande wa Masasi. Ndiyo maana haikukatika Waingereza walipoondoka.

Na neno apwiyamwene nalo usiliache lipite. Nyinyi Wamakua mnajua kwamba mwene, yaani mkuu wa ukoo, hakai peke yake, yupo mama wa ukoo pembeni yake, ndiye apwiyamwene, na neno lake halirukwi. Sisi wa huku Kusini, Wamakua, Wamakonde, Wayao, Wamwera, ukoo tunauhesabu kwa mama. Kwa watu wa namna hiyo mwanamke kushika kiti hakikuwa kioja. Bibi yako alimtafsiri Malkia kwa lugha ya nyumbani kwake, akampa nafasi anayoijua.

Kuna jambo jingine ambalo mimi, Mwislamu na mwosha maiti, lilinigusa. Tarehe 2 Juni 1953, ndani ya kanisa la Westminster Abbey, kuna sehemu moja ya ibada ambayo kamera hazikuruhusiwa kuionyesha. Kabla ya taji, Malkia alivuliwa vito, akavalishwa nguo nyeupe isiyo na pambo hata moja, akakaa chini ya chandarua kilichoshikwa pembe nne, na askofu mkuu akampaka mafuta. Mafuta yale ni ya imani yenu, sitawafundisha Wakristo maana yake. Nguo nyeupe isiyo na pambo naijua. Naikata mwenyewe. Sanda ya mwanamke kwetu ni vipande vitano, haina mshono wa urembo, na mikono inayoivalisha haiulizi huyu alikuwa mke wa tajiri au muuza vitumbua. Maji ya mkunazi ni yale yale, karafuumaiti ni ile ile. Malkia alivaa nyeupe yake akiwa na miaka 27, kabla ya kupewa chochote. Miaka 69 baadaye, jioni ya tarehe 19 Septemba 2022, kule Windsor, taji, tufe na fimbo ya kifalme viliondolewa juu ya jeneza kimoja kimoja vikawekwa altareni. Mkuu wa nyumba ya kifalme akavunja fimbo yake nyeupe akailaza juu ya jeneza. Ndipo likashushwa. Bibi yako aliyaona hayo kwenye banda la mpira, maana kwetu ilikuwa magharibi. Nina hakika alielewa vizuri kuliko vijana waliokuwa wanacheka.

Watu robo milioni hivi walipanga foleni London, mchana na usiku, kupita mbele ya jeneza lile. Sina haja ya kukueleza foleni ya kuaga, wewe wa Masasi ulimwona Rais Mkapa akirudishwa Lupaso Julai 2020.

Sasa mjomba wako. Yeye sijamjibu bado, na simwoni kama mtu mwenye moyo mgumu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwosha kungwi mmoja wa hapa Lindi, mwanamke aliyecheza wari wa mitaa mitatu. Msiba ulijaa. Kwenye mikeka ya wanawake kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa analia kuliko mabinti wa marehemu, sauti ilimkauka. Jeneza lilipokuwa tayari kutoka, mzee mmoja akasimama barazani akasema yale yanayosemwa kila msiba wetu, kwamba kama yupo anayemdai marehemu ajitokeze kwa wafiwa, mrithi yupo. Pakawa kimya. Mama yule aliyelia mpaka sauti ikakauka akapangusa uso kwa upindo wa khanga, akainuka, akasema, "Mimi namdai debe mbili za makopa, tangu kaskazi." Akakaa, akaendelea kulia.

Wapo waliomtazama kwa jicho baya. Mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa bado hai, akaninong'oneza kwamba huyo ndiye rafiki wa kweli wa marehemu, hakutaka aondoke na mzigo wa watu. Katika dini yetu deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Mtoto wa marehemu alisimama pale pale akasema deni nimelipokea. Makopa yalilipwa baada ya mavuno.

Mjomba wako ni yule mama wa makopa, mwanangu. Kwa miaka hii yote hajapata msiba wa kusimama.

Na deni lake lipo. Mradi wa karanga ulianza 1947, zama za Mfalme George wa Sita, baba yake Malkia. Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea misitu ilifyekwa kwa matrekta na kwa mikono ya watu kama babu yake mjomba wako. Mvua hazikuja kama zilivyopangwa ofisini, ardhi ikakauka ikawa ngumu kama sakafu, mashine zikavunjika. Mwanzoni mwa 1951 serikali ya Uingereza ikauacha, pauni milioni 36 hivi zimepotea. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mradi ule na bado ipo. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea nayo ilijengwa kwa ajili yake, ikang'olewa. Mguu wa mzee wenu haukuwa kwenye hesabu za pauni. Utasema yalikuwa ya baba yake, Malkia alipokea kiti Februari 1952. Ni kweli. Lakini alirithi mali, na mwenye kurithi mali anarithi deni.

Kuna watu ambao deni lao ni zito kuliko la mguu. Habari za kifo cha baba yake zilimkuta Malkia akiwa Kenya. Usiku ule alilala Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, akitazama wanyama wakija kunywa maji. Alipanda binti mfalme akashuka malkia, ana miaka 25. Oktoba mwaka huo huo ikatangazwa hali ya hatari Kenya. Mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaichoma Treetops. Dedan Kimathi, kiongozi wao, alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 katika gereza la Kamiti akazikwa bila kaburi kuonyeshwa kwa watu wake. Mimi ambaye kazi yangu ni kumwosha mtu na kumkabidhi kwa wanaomzika, hilo silivumilii. Mauti nayaelewa. Ila mwili ulionyimwa wenyewe, mke na watoto wasijue wapi wamwage maji na kusoma dua, hilo halina jina la heshima. Mjane wa namna hiyo simwambii amlilie Malkia. Asilie. Ana haki.

Serikali ya Uingereza mwaka 2013 ilikubali kuwalipa Wakenya zaidi ya 5,000 walioteswa wakati ule, jumla karibu pauni milioni 20, wengi wao wakiwa wazee wanaotembelea fimbo. Na mrithi mwenyewe, Mfalme Charles, alisimama Nairobi tarehe 31 Oktoba 2023 akasema yaliyotendwa yalikuwa ya kuchukiza na hayana utetezi, akasema ana majuto makubwa. Neno la kuomba radhi hakulitamka. Kwa lugha ya msiba wetu, mrithi amesimama barazani, amekiri kwamba deni analisikia, halafu akakaa bila kusema nimelipokea. Wapo walioridhika. Mimi nimebaki nasubiri.

Kwa hiyo ukiniuliza bibi alikosea, nakujibu hapana. Ukiniuliza mjomba anakosea, nakujibu anakosea kwenye nyundo tu. Kulia na kudai vilikaa mkeka mmoja pale Lindi nikiviona kwa macho yangu, kwa mwanamke mmoja, kwa dakika ile ile. Bibi yako alichukua kilio, mjomba wako kachukua dai, na kwa kuwa waligawana, kila mmoja alimwona mwenzake msaliti. Laiti ningekuwa nimekaa nao jioni moja.

Usishindane na mjomba. Kwenu mjomba ndiye mwenye neno juu ya vya ukoo, ukimpita utapata kikombe ukose ukoo. Nenda kwake jioni, kikombe ukiache nyumbani. Usianze habari ya Malkia kabisa. Mwombe akusimulie babu yake: jina lake lote, alitoka kijiji gani, alikwenda Nachingwea mwaka gani, alifyeka kambi ipi, mguu uliumizwa na nini, gogo au mnyororo wa trekta, nani alimbeba, alitembea vipi baada ya hapo. Andika kila neno mbele yake, kwa kalamu, kwenye karatasi, umsomee. Kama hajui kitu, iandike hivyo hivyo. Nina wasiwasi hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Anataka kuvunja kikombe kwa sababu ndicho kitu pekee ndani ya nyumba chenye tarehe ya zama zile, na tarehe hiyo ni ya upande mwingine.

Karatasi hiyo, akiridhia, ikunjeni muiweke ndani ya kikombe. Chumvi itafutieni chombo kingine.

Mama yako naye mpe neno lake. Ni kweli wazee wa huku waliweka vyombo juu ya makaburi, wakavitoboa ili mwizi asivitamani, na Waswahili wa pwani walipachika mabakuli ya kauri kwenye makaburi yao, nenda Kunduchi utayaona matundu yake hata leo. Lakini kikombe kile alipewa mtoto wa shule, hakikuwa chombo chake cha kulia. Kikikaa nje kitavunjwa na mbuzi kabla ya masika. Kama mama anataka kumwekea bibi kitu, achague bakuli aliyokuwa anakulia, azungumze kwanza na padri wenu kwa adabu. Padri mtu mzima atamwelewa.

Na wewe uliyesema unakitaka ila hujui unakitakia nini. Kioshe mwenyewe kabla hujamwonyesha mtu. Maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, usitumie majivu wala steli waya, picha itatoka. Kishike kwa kiganja kizima.

*

Mwalimu, salaam aleikum.

Mimi ni mvuvi wa Mikindani. Katika pochi ya ngozi ya marehemu baba nimekuta senti kumi yenye tundu katikati, ya mwaka 1956, ina jina la Malkia Elizabeth. Mwanangu wa sekondari anasema hata baada ya Uhuru tulikuwa na Malkia. Nimembishia mbele ya watu. Nani mkweli? Na kwa nini pesa yetu iandikwe jina la mtu wa mbali?

Mvuvi, Mikindani

*

Waaleikum salaam. Mwanao ndiye mkweli, na umwambie hivyo mbele ya watu wale wale uliombishia.

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mume wa Malkia, Philip, ndiye aliyekuja Dar es Salaam kumwakilisha. Kwa mwaka mzima baada ya hapo Malkia Elizabeth aliendelea kuwa mkuu wa nchi yetu, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Richard Turnbull. Mwalimu Nyerere alikuwa waziri mkuu, akajiuzulu Januari 1962 kwenda kukijenga chama, akamwachia Rashidi Kawawa. Tulipokuwa Jamhuri, tarehe 9 Desemba 1962, ndipo Malkia akatoka na Nyerere akawa Rais. Malkia alikuja kututembelea Julai 1979, wakati huo akiwa mgeni. Senti yako ilitumika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, mpaka mwaka 1966 Benki Kuu yetu ilipotoa shilingi ya Tanzania.

Kuhusu jina la mtu wa mbali, nina wivu kidogo hapa, kwa sababu pwani yetu haikungoja Waingereza kuandika jina la mtawala kwenye pesa. Kilwa, huku huku mkoani Lindi, masultani walipiga sarafu zao za shaba mamia ya miaka kabla ya hapo. Ninayoipenda ni ya Ali bin al-Hasan. Upande mmoja lipo jina lake. Upande wa pili yapo maneno kwamba anamtegemea Mola mwenye neema, na maneno ya pande zote mbili yana kina kimoja, kama beti. Mtu alikuwa ananunua samaki kwa shairi. Sarafu zile ni ndogo, nyingine hazifiki upana wa kucha ya kidole gumba, na jina la sultani limefutika kwa kushikwa na watu.

Ya baba yako usiisugue kwa mchanga. Irudishe kwenye pochi yake.